Weupe Haufichi Kitu: Nilivyokarabati Fleti ya Zamani Tanga

Wiki ya sita baada ya fundi rangi kuondoka, ukuta wa sebule unaotazama bahari ulianza kutoa malengelenge madogo madogo, mfano wa ngozi iliyounguzwa na maji ya moto, na kila nilipobonyeza moja kwa kidole, rangi ilibanduka na kuacha unga mweupe laini. Nilidhani nimeuziwa rangi mbovu. Nikamwita mwashi mmoja mzee wa Makorora, ambaye amejenga na kukarabati nyumba za mji huu tangu ujana wake. Akapanda ngazi taratibu, akaitikia shikamoo yangu, akaukwangua ukuta kwa ukucha, kisha akaninyoshea kiganja. "Onja, mwanangu," akasema. Nikasita, nikaonja. Ilikuwa chumvi. "Basi umepaka rangi juu ya bahari," akasema, na akaomba maji ya kunywa.

Fleti hiyo niliinunua mwaka 2021 kutoka kwa familia iliyokuwa ikihamia Muheza. Ina vyumba viwili, sebule, jiko na choo, katika ghorofa ya pili ya jengo la miaka ya 1960 upande wa Chumbageni. Ununuzi wenyewe haukuwa na kisa cha kusimulia, isipokuwa jambo moja ambalo sikulitilia maanani siku ya kutia saini: hati yake imetolewa chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, na kwa sheria hiyo mwenye fleti hamiliki vyumba vyake peke yake, bali anashiriki na majirani umiliki wa ngazi, paa na mabomba makuu. Maana ya maneno hayo niliielewa baadaye, siku fundi bomba aliponiambia kwamba hawezi kuligusa bomba la maji taka linalopita nyuma ya choo changu mpaka mwenye fleti ya juu na mwenye fleti ya chini wakubali kwa pamoja, na kwamba gharama yake itagawanywa.

Baada ya kulipa nyumba nilibakiwa na shilingi milioni 12, sehemu yake ikiwa akiba na sehemu mkopo wa chama chetu cha walimu cha kuweka na kukopa. Uchache wa fedha hiyo ndio ulionifanya nichague mtindo wa Skandinavia, yaani wa nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Uswidi na Denmaki, na hapo lazima nikiri jambo moja: niliuchagua kwa kudhani kuwa ni rahisi. Kuta nyeupe, mbao zisizopakwa kitu, samani chache, basi. Nilijiambia kwamba mwenye fedha kidogo hana mtindo mwingine unaomfaa kuliko ule unaomtaka anunue vitu vichache.

Mtindo huo sikuuona kwenye picha tu. Niliwahi kusoma Uppsala, Uswidi, kwa miezi kumi, nikapanga chumba katika fleti iliyojengwa chini ya mpango mkubwa wa makazi wa mwaka 1965 hadi 1974, ambao uliipatia nchi hiyo nyumba zipatazo milioni moja. Jengo lile na hili la Chumbageni ni karibu marika. Lakini mwezi Desemba jua la Uppsala huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, na mtu akishaishi humo majira hayo anaelewa, bila kusomeshwa na yeyote, kwa nini wenzetu wamepaka kila kitu rangi nyeupe na kuchagua mbao za rangi ya asali changa. Ukuta mweupe kule ni chombo cha kuokota mwanga uliopo na kuurudisha chumbani. Dirisha halizibwi kwa pazia zito, na kiti hakiwekwi mahali pa kuuzuia mwanga. Sababu hiyo niliijua vizuri, na bado nilirudi Tanga, mji ulio kiasi cha digrii tano tu kusini mwa ikweta, nikaunakili ule weupe bila kujiuliza kama hapa tuna upungufu wa mwanga.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, la chumvi na la mwanga. La chumvi ndilo lililonigharimu.

Mzee alinieleza, na nilichokumbuka katika kemia ya shule kikakubaliana naye, kwamba ukuta ule ulipigwa lipu ya mchanga wa bahari, yumkini katika ukarabati wa zamani ambao mwenye nyumba alitaka kuokoa nauli ya lori la mchanga wa bara. Chumvi iliyomo katika mchanga wa namna hiyo haitulii. Hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo huku pwani karibu mwaka mzima, chumvi huvuta maji na kuyeyuka. Hewa ikikauka kidogo, maji huondoka na chumvi huganda tena kuwa chembe, na chembe hizo zinapoganda nyuma ya rangi huisukuma mpaka ibanduke. Watu wengi hapa mjini huita hali hiyo fangasi ya ukuta, kisha hununua dawa ya fangasi, ambayo haiwezi kusaidia kwa sababu hakuna fangasi. Mimi nami nilikuwa nimeshanunua kopo zima la dawa hiyo.

Rangi niliyopaka iliongeza ubaya. Wamiliki waliotangulia walikuwa wamepaka rangi ya mafuta ya kijani kibichi upande wa chini na krimu upande wa juu, na juu yake matabaka mengine matatu au manne. Ukuta wa rangi iliyokoza na inayong'aa huvumilia mengi: jicho linatua kwenye rangi, halioni kwamba lipu ina mabonde, kwamba kona haijanyooka au kwamba kuna ufa uliozibwa kwa haraka. Nilipofunika yote kwa nyeupe, jua la asubuhi likiingia kwa pembeni lilionyesha kila alama ya mwiko wa fundi aliyefanya kazi hapo miaka hamsini iliyopita. Kwamba mtindo huu ni wa gharama nafuu ni kweli kwa mtu mwenye kuta zilizonyooka na kavu. Kwa mwenye fleti ya zamani, fedha anayodhani ataiokoa kwenye samani huenda yote kwenye kunyoosha kile ambacho weupe hautakificha.

Tuliibomoa lipu ya kuta mbili hadi kwenye matofali, na ilipobomolewa tukaona mengine. Bomba la chuma lililopeleka maji bafuni lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba fundi alilivunja kwa mkono, na nyaya za umeme zilikuwa za zamani, bila waya wa kupeleka umeme ardhini, zikiwa zimeungwa ndani ya ukuta kwa utepe uliokwisha kunyauka. Ukuta ule ungekubali rangi yangu, ningeishi miaka na bomba lile na nyaya zile nikiwa sina habari. Nikasimamisha kila kitu kingine. Maji yalinigharimu milioni 2.4, pamoja na mchango wangu wa bomba la pamoja, na umeme milioni 1.9, maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya fedha yote ilikwenda mahali ambapo mgeni hataiona kamwe. Nilisononeka kwa muda, kwa sababu fungu la meza na viti ndilo lililoliwa.

Kuhusu lipu mpya nilitaka saruji tupu, nikidhani ndiyo imara zaidi. Mzee alikataa. Alichanganya sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga, nao mchanga ulikuwa wa mto, umeoshwa mara mbili kwenye pipa mbele ya macho yangu, akieleza kwamba chokaa huifanya lipu iwe na ulegevu wa kutosha kupitisha mvuke, ilhali saruji tupu huufungia ndani. Chokaa kwa Tanga si kitu cha kuagizwa mbali; mji huu na vitongoji vyake vimekalia mawe ya chokaa, na mapango ya Amboni wanayokwenda kuyatazama watalii yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayohayo. Baada ya lipu, mafundi walitaka kuskimu, yaani kulainisha uso wa ukuta, na kupaka rangi wiki hiyohiyo. Nilisubiri wiki nne, nikilala kwa dada yangu Mzingani, na nadhani hizo ndizo fedha nilizotumia vizuri kuliko zote, maana hazikuwa fedha, zilikuwa subira.

Kisha kwenye kuta zile mbili sikupaka rangi ya dukani kabisa. Tulipaka chokaa. Mawe ya chokaa iliyochomwa yalizimwa kwa maji katika pipa, yakachemka na kutoa mvuke kama chungu cha kunde, nasi tukiwa tumevaa miwani na glavu, kwa sababu tone likiingia jichoni linaweza kupofusha. Maji yale mazito yakaachwa siku kadhaa, yakachujwa kwa kitambaa, yakapakwa kwa brashi juu ya ukuta uliolowanishwa, tabaka nyembamba nyembamba tano. Tabaka la kwanza linaonekana kama maji ya mchele na mtu asiyezoea anaweza kukata tamaa. Chokaa inapokauka huvuta hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka tena kuwa jiwe, na weupe wake hauna ule mng'ao wa plastiki. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa Pangani, aliyepaka nyumba yake chokaa kabla ya kila Idi. Nilikuwa nimevuka bahari mbili kwenda kujifunza ukuta mweupe usiong'aa.

La mwanga halikuwa na gharama kubwa, ila lilichukua muda kulielewa. Sebule yangu inapokea jua tangu saa kumi na mbili na nusu, na katika rangi nyeupe kabisa ya mwanzo hapakuwa na mahali pa kukaa na kusahihisha madaftari bila kukunja uso. Katika kuta zilizobaki tulitumia rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyotiwa udongo wa manjano kidogo, kiasi cha kijiko kwa ndoo, hadi ikafanana na maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Mapazia nilishona kwa merikani, kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa ambacho kimebeba jina la wafanyabiashara Wamarekani waliokileta pwani hii katika karne ya 19. Ni cha bei ndogo, kina rangi ya ngano, na huchuja jua bila kulifukuza. Usiku tatizo ni la aina nyingine. Taa nyingi nilizozikuta madukani ni zile za mwanga mweupe wa samawati, zilizoandikwa 6500K, na chumba cheupe chini ya taa hizo hugeuka zahanati. Tafuteni zilizoandikwa 2700K au 3000K, zenye mwanga wa manjano, hata ikibidi kuagiza Dar es Salaam. Badala ya taa moja kali katikati ya dari niliweka tatu ndogo mahali pa kukaa, kama nilivyoona Uppsala, na hilo ndilo jambo pekee la kule lililofaa hapa bila kubadilishwa chochote.

Dirisha je? Kila niliyemwomba ushauri aliniambia ning'oe luva, yaani vile vipande vya vioo vinavyofunguka kwa pamoja, niweke dirisha la alumini la kuteleza. Nilikataa, na sijajuta. Madirisha ya Uswidi yana vioo viwili au vitatu kwa sababu kazi yake ni kulinda joto lisitoke. La kwetu kazi yake ni upepo, kaskazi kuanzia Desemba na kusi tangu masika. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na luva hufunguka lote. Nilichobadilisha ni fremu zilizooza, nikatia vioo vipya na wavu wa mbu, jumla milioni 2.2.

Fremu hizo ndizo zilizonikutanisha na seremala ambaye nilibishana naye miezi miwili mizima, na ambaye, kwa haki, lazima niseme alishinda zaidi ya nusu ya mabishano hayo. Mimi nilitaka msonobari kila mahali: rafu, benchi, kitanda, meza. Msonobari tunao, unapandwa Shume, kule Lushoto, na bei yake inavumilika. Nilitaka uachwe bila vanishi, kwa kuwa kule Uswidi nilimwona mama mwenye nyumba akisugua sakafu ya mbao kwa maji na sabuni ili zibaki na weupe wake.

"Mwalimu, hii kazi haijaisha," alisema seremala siku aliyoleta benchi. "Watu wataniuliza nani katengeneza, nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi niliyetaka hivyo."

"Bungua hawatauliza nani alitaka."

Alikuwa sahihi. Kwenye baridi ya Uswidi mbao tupu hudumu. Kwenye joto na unyevu wa Tanga, msonobari usiotiwa dawa ni chakula cha bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Ndani ya miezi mitatu nilikuta vilima vidogo vya unga chini ya mguu mmoja wa benchi. Alichukua benchi, akaliloweka kwa mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, akalikausha wiki mbili kivulini, kisha tukapatana: hataweka ile vanishi ya wekundu wa damu ya mzee anayoipenda, nami sitaliacha uchi. Tulipaka mafuta ya kitani yaliyotiwa rangi nyeupe kidogo na kuyafuta kwa kitambaa. Vifundo vya mbao bado vilitoa utomvu kwa miezi kadhaa, na upande unaopigwa na jua umekuwa wa manjano kuliko nilivyotaka.

Kwa fremu na ubao wa jikoni alinikatalia msonobari moja kwa moja, akaleta msaji, ambao yeye huuita mtiki, kutoka mashamba ya Longuza huko Muheza. Si mbao nzima, bali mabaki ya kazi ya mtu mwingine, ndiyo maana niliumudu. Nilinung'unika kwamba ni mzito na wa kahawia. Baadaye nikakumbuka jambo ambalo lilinitoa jasho la aibu: Wadenishi wenyewe, katika samani zao zilizosifika za miaka ya 1950 na 1960, walitumia sana msaji, wakiuagiza kutoka Asia. Seremala wangu hakuwahi kusikia habari hizo. Alijua tu kwamba mti huo una mafuta ndani yake, hauliwi na wadudu upesi na hautikisiki kwa maji. Useremala wote ulinigharimu milioni 1.8.

Sakafu ilikuwa bahati. Chini ya kapeti la plastiki lililogandishwa kwa gundi tulikuta terazo ya kijivu yenye chembe nyeupe, ya tangu jengo kujengwa, na laki sita za kusaga na kung'arisha zikatosha. Nilikuwa nimekusudia kuweka sakafu ya mbao za kubandika, ambazo kwa unyevu wa hapa zingevimba kingoni. Nashukuru fedha ilikuwa imekwisha. Juu ya terazo nilitandika zulia la katani, yaani nyuzi za mkonge. Tanga ni nyumba ya mkonge tangu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoupanda karibu na Pangani kutokana na miche 62 tu iliyosalimika safari ya kutoka Florida, na ni ajabu kwamba nilinunua zulia la namna hiyohiyo Uppsala kwa bei ya kuumiza kabla ya kulikuta nyumbani kwetu. Onyo moja: katani hunywa unyevu. Masika ya kwanza upande wa chini uliota ukungu, na sasa kila Jumamosi nalitundika kwenye ukingo wa baraza lipigwe na upepo.

Jikoni sina mengi ya kusema. Niliweka rafu za wazi badala ya makabati, kama picha zinavyoonyesha, na baada ya wiki tatu za vumbi, mafuta na mende niliagiza milango.

Swali lililonisumbua zaidi kuliko hayo ni la kabati la shangazi. Ni la mninga, limenakshiwa, lina kioo kilichopata madoa, na lilikuwa la arusi yake. Kwa kanuni nilizojiwekea halikuwa na nafasi. Nililiacha kwa dada yangu miezi minne, kisha siku moja niliwaomba vijana wanne walipandishe, tukaliweka peke yake kwenye ukuta wa chokaa. Sikuweka kitu kingine upande ule. Samani za kule nilizozipenda zilikuwa na tabia hiyohiyo, kila moja imepewa nafasi ya kutazamwa, na nadhani nilichanganya uchache na upya. Shangazi alikuja, akalipitisha mkono, akauliza tu kwa nini sijakitoa kioo chenye madoa.

Hesabu yote ilifika milioni 13.7. Kuta pekee zilikula milioni 4.1, zikiwemo laki nane na nusu za rangi ya kwanza iliyobanduka, na vikorokoro vya taa, mapazia na zulia vilichukua laki saba. Milioni 1.7 iliyozidi niliilipa kwa kufundisha masomo ya ziada jioni. Ningeanza na kubomoa lipu badala ya kuanza na ndoo ya rangi, nadhani ningebaki ndani ya bajeti, au karibu nayo.

Umebaki ukuta mmoja, wa nje ya choo, ambako bomba la pamoja lilikuwa likivuja kwa miaka. Lipu yake ni mpya, lakini haijapakwa kitu, na rangi yake ya kijivu inaonekana vizuri mno kutoka mlangoni. Mzee ameniambia nisiuguse mpaka masika ipite. Mwezi Juni, amesema, niukwangue kwa ukucha, kisha nionje.